Nishikie Upande Wangu

Wasusi wako wengi, lakini kulikuwa na wale mabinti wawili wa saluni ya shangazi. Kama hukuwahi kusukwa na wale, basi mimi na wewe tusibishane habari za kusukwa. Ulikaa kitini, mmoja akasimama kushoto kwako, mwingine kulia, chanuo likapita katikati ya kichwa kutoka kwenye paji hadi kisogoni, na kila mmoja akachukua nusu yake. Walianzia masikioni wakipanda juu. Walipokutana utosini, hata shangazi mwenyewe, ambaye kasoro aliiona kabla haijatokea, hakuweza kusema mkono wa huyu umeishia hapa na wa yule umeanzia pale.

Wa kulia aliitwa Redio, na sababu huhitaji kuambiwa. Aliingia saluni asubuhi akiwa tayari katikati ya maneno. Wa kushoto aliitwa Taratibu, kwa kuwa hata kikombe cha chai alikiweka mezani kana kwamba kuna mtoto amelala chini yake. Majina yao ya kweli yalibaki kwenye madaftari ya shule, na wateja wengi hawakuwahi kuyajua.

Tena angalia walivyosimama. Redio alikuwa akiutazama mlango. Mlango wa saluni ulikuwa wazi mchana kutwa, barabara nzima ilipita mbele ya macho yake, naye aliisoma kwa sauti. "Huyo anapita na viatu vya dada yake. Haki ya Mungu, ni vya dada yake, jana dada mtu alikaa navyo hapa hapa!" Wateja walivunjika mbavu. Taratibu aliupa mlango kisogo. Mbele yake kulikuwa na ukuta, kalenda ya zamani na uso wa Redio. Hakuwahi kugeuka kutazama nje. Ageuke kwa nini, na kila kitu anasimuliwa?

Halafu kulikuwa na msuko wa mwisho. Huo wa utosini kabisa waliusuka pamoja, na hakuna aliyewafundisha. Taratibu aliuanza kwenye ngozi, akafika katikati, akalegeza vidole. Redio akaupokea bila kuambiwa na kuumalizia hadi nchani. Ulianza kama mchezo, ukawa desturi. Na Jumapili, wakisukana wenyewe nyumbani, mmoja amekaa chini katikati ya magoti ya mwenzake, ilikuwa vile vile: anayesuka akifika katikati ya msuko wa mwisho, mkono wa anayesukwa ulipanda wenyewe juu ya kichwa kuupokea. Hata kama alikuwa anasinzia. Hata siku walizonuniana, na walikuwa wakinuniana hasa, mkono ulipanda, na kununa kukaishia hapo.

Urafiki wenyewe ulianzia kwenye dawati moja. Damu zao ziliendana tangu siku ile ile, hakuna zaidi ya kueleza. Walivaliana nguo. Waliambukizana mafua kwa makusudi ili wakose shule pamoja. Taratibu alipoanza kuona siku zake, Redio alijua kabla ya mama mzazi, na mama mtu alipojua hilo alinuna kwelikweli. Mitihani ya mwisho ilipowatema wote wawili, walilia siku moja, wakachoka kulia siku moja, na wiki iliyofuata wakaja kwa shangazi yake Taratibu kuomba kazi. Shangazi aliwafundisha kwa ukali. Baadaye, alipowaona wanavyofanya na kile kichwa cha watu wawili, alisema, "Nyie wawili mnatengeneza msusi mmoja." Alikuwa anaonya. Wao walicheka, wakadhani wamesifiwa.

Baba yake Redio alipohama nyumbani kwenda kuishi na mwanamke mwingine, Redio alinyamaza. Nakwambia alinyamaza, Redio yule! Wateja walidhani anaumwa koo. Basi Taratibu, ambaye neno lilimtoka kwa shida kama jino, akaingia zamu. Hadithi aliijua moja tu, ya kuku wa jirani aliyemfukuza mwalimu wa hesabu hadi mwalimu akapanda juu ya meza. Aliisimulia wiki nzima. Kuna mama mmoja muuza vitambaa, mteja wa siku zote, aliisikia mara mbili kabla hajainuka kitini, akauliza, "Mwanangu, huyo kuku hachoki?" Hapo Redio akacheka. Alicheka mpaka akalia, akalia mpaka ikabidi shangazi amkalishe chini. Jioni ile, wakifunga saluni, alimshika Taratibu mkono akamwambia, "Wewe usije ukaniacha." Taratibu akajibu, "Niende wapi?" Na hakuwa anatania. Pengine pa kwenda hakuwa napo wala hakupataka.

Mpango wao ulikuwa chumba cha jirani. Ukuta kwa ukuta na saluni alikaa fundi viatu, mzee wa gundi na misumari, ambaye kila mwaka aliaga kuwa anahamia kwa watoto wake na kila mwaka alikuwepo. Siku atakayohama kweli, mabinti wangekichukua kile chumba na kufungua saluni yao. Rangi walishaigombania: Redio alitaka njano, Taratibu kijani. Shangazi aliwauliza wataweka viti vingapi. "Kimoja," Redio akasema. "Viwili vya nini? Kwani sisi ni watu wangapi?" Taratibu aliyabeba maneno yale hadi kitandani, akalala nayo.

Sasa, mambo yalivyoharibika hayakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo linaloudhi. Hakuna aliyemsengenya mwenzake. Hakuna mwanamume aliyeingia kati. Kaka yake Redio, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, alimpatia dada yake nafasi ya kusomea uuguzi. Mama mtu akapiga magoti kwa furaha. Redio ndiye aliyelia kuliko wote. Alisema haendi, akasema anakwenda, akasema haendi, mpaka shangazi akamwambia, "Mwanangu, ukikataa hii nitakufukuza mimi mwenyewe, ukose vyote." Basi akakubali. "Kozi ikiisha narudi," akasema. "Nitachoma watu sindano asubuhi, mchana nasuka."

Jioni ya mwisho kabla hajaondoka, walifagia saluni pamoja. Redio akaja akasimama mahali pake, kulia kwa kiti, akashika mkono wa kiti.

"Nishikie upande wangu," akasema. "Asisimame mtu hapa mpaka nirudi. Hata wewe."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Apa."

Taratibu hakuwa mtu wa viapo. Siku hiyo aliapa.

Jamani, kuna watu ukiwaambia jambo hulisikia, wakalitikia, likapita zao. Kuna wengine hulichukua zima zima. Redio alikuwa msichana wa miaka ya kusema maneno makubwa. Alikuwa anaagana, machozi yamemjaa, akasema lililomjia. Taratibu alilichukua kama alivyopewa. Kuanzia kesho yake alisuka kichwa kizima akiwa amesimama kushoto. Nusu ya kulia aliifikia kwa kuinama juu ya mteja, shingo imepinda, kiwiko kimemkaa mteja puani. Shangazi alipouliza kulikoni, akajibu, "Nimezoea hapa." Upande wa kulia wa kiti alipafagia kila siku, na akapapiga deki Jumamosi, lakini anayefagia huangalia sakafu. Kusimama pale hakusimama.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Redio alipiga simu karibu kila mchana, Taratibu akaiweka simu juu ya meza ya vitana, spika imefunguliwa, na sauti ikajaa saluni nzima. Wateja walimsalimia. Redio akawasimulia habari za chuo, akazitia chumvi, wakacheka, na mikono ya Taratibu ikaenda mbio kama zamani, maana mikono ile ilizoea kufuata sauti ile. "Mwenzako yuko wapi?" mama muuza vitambaa alikuwa akimtania kila akija, ingawa alijua vizuri. Na Taratibu alijibu kila mara, "Yuko njiani."

Halafu simu zikapungua. Ikawa jioni, mara mojamoja. Ikawa ujumbe wa sauti, Redio anahema, anapanda ngazi, nyuma yake kuna watu wanacheka: "Shoga, niko mbioni, nitakupigia." Taratibu alikuwa akiusikiliza ujumbe huo mara nyingi, si kwa ajili ya maneno, maneno yalikuwa yale yale. Alikuwa anawasikiliza hao wanaocheka nyuma. Hakuwachukia. Alitaka tu kujua wanasimama wapi, upande gani wa Redio.

Upweke wake haukuwa wa kulia na kujifungia. Alikula, alilala, alifungua saluni kwa wakati. Ila mchana, mteja akishatulia na kitana kikiwa kinafanya kazi yake, kulikuwa na kimya ambacho hakuwa na la kukifanya. Nje watu walipita, akawasikia nyayo zao mgongoni, na hakujua ni akina nani. Siku nyingine alijaribu kusimulia. Alifika pale mwalimu wa hesabu anapoona kuku, akaishiwa, akanyamaza. Mteja akasema "Enhee?", naye akasema, "Basi tu." Jumapili aliacha kusukwa kabisa. Alijifunga kitambaa.

Na kazi ikaanza kumsaliti. Kwa kuwa mkono ulioinama hauvuti sawa na mkono ulionyooka, misuko ya kulia ilitoka legevu. Wateja wa kawaida walitania kwamba vichwa vyao vimeelemea upande. Wengine hawakutania, waliacha kuja. Kisha akaja bi harusi. Huyo alisukwa Ijumaa akaondoka akicheka, Jumamosi asubuhi akarudi analia, mama yake nyuma yake hajalia lakini afadhali angelia. Upande wa kulia ulikuwa umeanza kufumuka. Shangazi, na magoti yake mabovu, alisimama akausuka upya ule upande wote peke yake. Bi harusi alipoondoka, akageuka.

"Hebu niambie. Huo upande una moto?"

"Hapana, shangazi."

"Una nyoka?"

"Hapana."

"Sasa una nini?"

Taratibu akaangalia chini. "Ni wa mwenyewe," akasema.

Shangazi alikaa kwenye kiti cha wateja, akapumua. Alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga. "Sikia, mwanangu. Fundi viatu anahama, na safari hii ni kweli, nimeona anafunga mizigo. Mwenye nyumba amenifuata mimi kwanza. Nimemwambia kile chumba ni chako. Ukichukue mwenyewe, ukichukue na mwenzio, hiyo shauri yenu. Lakini anataka jibu Jumatatu, si hii ya keshokutwa, ile inayofuata. Na mimi nimechoka kusuka nusu za watu."

Basi hapo ndipo Taratibu alipokuwa. Chumba kilichongojewa miaka yote ile kilikuwa wazi, na yeye akakaa nacho kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Kukichukua peke yake kulikuwa ni kusema Redio harudi. Kukiacha kulikuwa ni kumpa mtu mwingine nyumba yao. Kulala hakulala vizuri. Na Ijumaa asubuhi, bila kutegemea, simu ikalia.

"Shoga! Napita mjini leo! Kuna harusi ya mwenzangu wa chuo, huko mbele, nateremka hapo kwenu mchana. Utanisuka? Niambie utanisuka, sitaki kwenda na kichwa hiki, nimefanana na ufagio!"

Alikuwa amesema mambo mengi katika pumzi moja, harusi, kupita, huko mbele. Taratibu alisikia moja tu, utanisuka.

"Njoo," akasema.

Akaipiga deki saluni. Akazichana na kuzipanga nywele za kuongezea, zile laini, ambazo alikuwa ameziweka kando kwa ajili ya siku atakayorudi Redio. Akajipangia maneno: atamwambia habari za chumba, taratibu, wakiwa katikati ya kazi. Redio atapiga kelele. Atasema njano. Yeye atakubali njano, potelea mbali kijani.

Redio aliingia kama alivyokuwa akiingia siku zote, katikati ya maneno. Alimkumbatia Taratibu hadi akamwinua kutoka chini. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza, ana saa mkononi, ya kuhesabia mapigo ya wagonjwa. Alimletea kopo la mafuta ya nywele lenye harufu nzuri. Alimbusu shangazi mashavu yote mawili, akamuuliza habari za magoti, akamwambia cha kufanya kuhusu magoti. Shangazi akacheka, akaenda sokoni akawaacha. Ilikuwa furaha, tusidanganyane. Taratibu mdomo haukufunga kwa tabasamu.

"Twende nyumbani nikusuke," akasema.

"Weee, sina muda huo, basi langu ni la jioni. Nisukie hapa hapa." Akajitupa kwenye kiti.

Kwa hiyo Redio akawa amekaa mahali pa mteja, kwa mara ya kwanza, na Taratibu akasimama kushoto kwake, na upande wa kulia hapakuwa na mtu. Chanuo likapita katikati. Taratibu akaanzia sikioni.

Redio alisimulia. Kulikuwa na mwenzake aliyezimia alipoona sindano. "Na anasomea uuguzi, shoga! Tumemlaza kitanda kimoja na mgonjwa aliyekuwa anamhudumia, mgonjwa ndiye anampepea!" Taratibu akacheka kicheko ambacho alikuwa hajakicheka muda mrefu, hadi akaacha kusuka kwanza. Mikono ikamrudia. Nusu ya kushoto ilikwisha upesi, imenyooka, imekaza vizuri. Akainama kuanza ya kulia.

"Eeh, mbona unajinyonga hivyo?" Redio akamtazama kwenye kioo.

"Wapi?"

"Hivyo ulivyojipinda. Si uzunguke huku?"

Taratibu akamtazama naye kwenye kioo. Alitafuta dalili ya mzaha usoni pake, hakuiona. Redio alikuwa anamwonea huruma mgongo wake, basi.

"Nimezoea hapa," akasema.

"Utavunjika kiuno, shauri yako. Mimi ni muuguzi, nakwambia bure."

Taratibu akajikaza. Akajiambia mtu husahau maneno. Nani anakumbuka kila alilolisema akiwa analia? Akaendelea kusuka. Simu ya Redio ikaita, akaiweka sikioni, akaongea na mtu kwa sauti ile ile tamu iliyokuwa ikijaza saluni kwenye spika. "Nakuja, jamani, msinikimbie! Niko hapa kwa rafiki yangu wa zamani, ananisuka. Ndiyo. Mtaniona, mtakoma!" Akakata, akacheka peke yake.

Wa zamani. Taratibu aliligeuza hilo neno kichwani kama mtu aliyekuta kitu kigeni kwenye chakula. Halikuwa tusi. Lilikuwa kweli, tena; walijuana tangu zamani.

"Fundi viatu anahama," akasema.

"Usiniambie! Yule mzee? Jamani, na gundi yake!"

"Mwenye nyumba anataka jibu Jumatatu. Kuhusu chumba."

"Si ukichukue!" Redio akapiga kofi mapajani. "Shoga, kichukue, unangoja nini? Kingekufaa sana wewe. Pale mlangoni ungeweka kibao kizuri. Halafu upake kijani, maana ulivyokuwa unapenda kijani wewe!"

Aliikumbuka kijani. Taratibu alingoja ile njano. Alisuka msuko mzima akiingoja, na mwingine, na Redio alikuwa ameshafika kwenye habari za nguo atakayovaa harusini.

Hapo mtu mwingine angeelewa, akamaliza kazi. Taratibu hakutaka kuelewa. Alijiambia kwamba mdomo wa Redio tangu zamani haukuwa wa kutegemea. Ulisema njano leo na kesho bluu, uliapa na kusahau. Mkono ndio uliokuwa msema kweli. Walipokuwa wamenuniana, mdomo ulisema sikutaki, na mkono ukapanda. Baba alipoondoka, mdomo ulifunga kabisa, na Jumapili mkono ukapanda. Basi acha mkono useme. Kama mkono utapanda, atamwambia mwenye nyumba kwamba chumba ni cha wawili, na atasubiri miaka mingine mingi kama itabidi, hata akisuka vichwa vyote vya mji huu vikiwa vimeelemea upande.

Akafika utosini. Ukabaki mmoja.

Aliuanza kwenye ngozi, polepole, akaukaza vizuri. Nje walipita watu wakibishana habari za mpira. Akafika katikati. Akalegeza vidole.

Akangoja.

Mikono ya Redio ilikuwa mapajani, imeshika simu. Kidole gumba kilikuwa kinapandisha picha, moja, nyingine, nyingine. Alikuwa anatabasamu. Msuko ulikuwa umesimama juu ya kichwa chake kwa ncha mbili za vidole vya Taratibu, nusu umesukwa na nusu uko wazi, na hapakuwa na mkono wowote uliokuja. Taratibu akangoja zaidi ya inavyostahili msusi kungoja. Hata akausogeza kidogo mbele, aibu iliyoje, ili nywele zimguse Redio kwenye paji. Redio akazipangusa kama anayefukuza nzi.

Kisha akainua macho kwenye kioo. "Tayari?"

"Bado kidogo," Taratibu akasema.

Akaumalizia mwenyewe. Alikuwa hajawahi kuumaliza msuko wa mwisho wa Redio kwa mkono wake, lakini vidole viliusuka hadi nchani, sawa na mingine yote. Akazichovya ncha zote kwenye maji ya moto zisifumuke, akazikausha kwa taulo.

"Sasa tayari," akasema.

Redio akajigeuza mbele ya kioo, akapiga vigelegele. "Hakuna anayesuka kama wewe! Popote nilipokwenda, hakuna!" Na alimaanisha, machozi yalimlengalenga. Akamkumbatia tena, akamwambia asimsahau, akamwambia aje chuoni amtembelee, akasema basi litamwacha, akatoka. Sauti yake ilisikika barabarani ikimsalimia fundi viatu, halafu ikasikika kidogo, halafu haikusikika.

Taratibu alisimama na chanuo mkononi. Alitaka kulia, na kilio hakikuja, na hilo nalo lilimuudhi.

Bado yuko vile vile, mama muuza vitambaa akaingia, anahema, kifurushi kikubwa kichwani. "Nisuke upesi, mwanangu, nina watu kesho." Akajitua, akakaa, akavua kitambaa. Taratibu akapitisha chanuo katikati. Akausuka upande wa kushoto, kimya, kwa mkono ulionyooka. Ulipokwisha, hakuinama. Aliweka chanuo kwapani, akazunguka nyuma ya kiti, akasimama kulia.

Sakafu pale ilikuwa imelika kidogo, mahali pa nyayo mbili, na nyayo zake zikaingia. Akainua macho. Alidhani ataona alichokuwa akikiona siku zote, upande wa pili tu wa kitu hicho hicho. Badala yake aliona mlango, wazi, na nje ya mlango barabara yote. Ilionekana duka kwa duka, hadi kwenye kona, hadi kwenye kituo cha basi. Aliwaona watu na nyuso zao. Miaka yote ile yeye alikuwa anatazama ukuta, kalenda na Redio, na Redio alikuwa anatazama huku. Hakuna aliyemdanganya. Walisimama tu hivyo, na hakuwahi kugeuka.

Redio alikuwa bado kituoni, basi limechelewa, begi miguuni, simu sikioni, anacheka. Kutoka pale misuko yake ya kulia ilionekana imelegea kidogo. Basi likaja, akainama kuchukua begi, akapanda, na kichwa chake kikaonekana dirishani mara moja kabla basi halijakata kona.

"Nimekutana na Redio hapo nje," mama muuza vitambaa akasema. "Kapendeza! Kumbe karudi. Mbona simwoni humu, mwenzako yuko wapi?"

Taratibu akachukua nywele za sikioni, akazigawa.

"Sina mwenzangu, mama," akasema. "Niko mwenyewe. Inamisha kichwa."